Jamerson: Alianza na besi ya mtumba, akaitikisa dunia

Kijana wa Kitengela akianza kudunduliza pesa za gita lake la kwanza la besi, swali la kwanza huwa ni la kampuni. Marafiki wanamtajia majina makubwa, mwingine anamwonyesha kwenye simu besi ya msanii fulani wa ng'ambo, na kabla ya mwezi kuisha anaitaka iyo hiyo. Basi kabla hujapanda matatu ya kwenda Nairobi na pesa zako mfukoni, jua kisa cha mwanamume ambaye huenda jina lake hulijui, ila muziki wake umeshaucheza. Alitumia kidole kimoja tu.

James Jamerson alizaliwa Januari 29, 1936, katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, Marekani. Wazazi wake walitengana, na sehemu ya utoto wake akalelewa na nyanyake, ambaye alikuwa mpiga piano. Mwaka 1954 akahamia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Huko, katika shule ya upili ya Northwestern, ndiko alikokutana na besi ya kusimama: kile chombo cha mbao kinachompita mpigaji kwa urefu, chenye nyuzi nne nene za kuvutwa kwa nguvu. Alipomaliza shule alikuwa tayari anapiga jazz na blues katika vilabu vya mji. Vidole vyake vikakomaa.

Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha kampuni ya muziki iliyokuja kuitwa Motown, na Jamerson akaingia studio. Yeye na wenzake waliitwa Funk Brothers. Waimbaji walibadilika, lakini bendi iliyowapigia ilikuwa ni hiyo hiyo.

Besi ya umeme ilikuwa bado chombo kigeni. Leo Fender alikuwa ameanza kuuza yake, aina ya Precision, mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Jamerson naye akaishika. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1957, iliyopakwa upya rangi nyeusi, na kabla yake ilikuwa mali ya mpiga besi mwenzake, Horace Ruth. Kwa lugha ya mtaani, ilikuwa mtumba.

Ikaibwa. Akapata nyingine, nayo ikaibwa. Ya tatu ilikuwa Precision ya mwaka 1962, ya kawaida kabisa kama ilivyotoka kiwandani, na ikapewa jina la utani Funk Machine. Hiyo ndiyo aliyokaa nayo. Aliweka kipande cha sponji chini ya kifuniko karibu na mwisho wa nyuzi ili sauti isivutike sana, akafungulia vitufe vyote hadi mwisho, na akawa anapiga kwa kidole cha shahada pekee. Nyuzi zake zilikuwa nene na laini, na hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Studio waliichomeka moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia.

Alipiga besi katika nyimbo zaidi ya 20 zilizofika nambari moja Marekani. Sikiliza wimbo What's Going On wa Marvin Gaye, wa mwaka 1971, kisha ufuate besi peke yake. Haikai nyuma kulinda mdundo. Inazunguka, inauliza, inajibu. Sisi tuliokulia kwenye benga twajua jambo hilo: besi ikinyamaza, hakuna anayenyanyuka kitini.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea. Waliojaribu gita la Jamerson walisema halipigiki. Nyuzi zilikuwa zimeinuka juu sana ya shingo, na kuzibana kulihitaji nguvu. Kwake halikuwa tatizo, kwa sababu mikono yake ilitoka kwenye chombo kigumu zaidi. Mpe anayeanza leo gita kama hilo, atatoka na malengelenge na wiki ya pili atakuwa amelitundika ukutani. Jamerson alipata besi iliyoafikiana na mikono yake. Nawe tafuta itakayoafikiana na yako.

Kwa hivyo dukani usianze na jina. Keti, livae gita kwa mkanda, ukae nalo robo saa. Likikuumiza bega, ni zito kwako. Bana nyuzi karibu na kichwa cha gita, pale nafasi zilipo pana. Vidole visipofika, ulizia besi fupi, ya inchi 30 badala ya zile za kawaida za inchi 34. Nyuzi nne zatosha. Jamerson hakuhitaji zaidi. Kama ni mtumba, litazame kutoka kichwani uone kama shingo imepinda, lichomeke, kisha zungusha kila kitufe usikilize kama kinakwaruza. Nyuzi zikiwa juu kidogo, fundi anaweza kuzishusha. Shingo ikiwa imejipinda kama kamba, achana nalo. Na ubakize pesa za waya na mkoba. Ukiwa unapigia bendi ya kanisa, iwe Kitengela au Kajiado mjini, spika kwa kawaida zipo tayari. Yako yaweza kungoja.

Mwisho wa Jamerson haukuwa mzuri. Motown ilihamia Los Angeles mwaka 1972, naye akaifuata, lakini mwaka uliofuata mkataba wake ukaisha. Kazi zikapungua, pombe ikazidi. Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye sahani za santuri alizozipigia. Mwaka 1983 Motown ilipoandaa tamasha la kuadhimisha miaka 25, alinunua tiketi akaketi na watazamaji. Alifariki Agosti 2 mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 47. Heshima ilikuja baadaye: mwaka 2000 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame.

Siku chache kabla ya kifo chake, Funk Machine nayo iliibwa. Besi ya tatu. Kwa hivyo ukiuziwa gita la mtumba, mwulize muuzaji alilipata wapi, na akisitasita, ondoka. Huenda kuna mpigaji mahali analililia. Ukishanunua, weka risiti, lipige picha, na uandike nambari iliyochapwa kwenye gita lenyewe kabla hujapiga noti ya kwanza.