Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya ya Watoto



Msimu wa mahafali ukifika, walimu wa muziki katika shule na parokia zetu za Mbeya na Iringa huumiza vichwa: watoto wafunge kwa wimbo gani? Ngonjera zimekwisha, ngoma zimechezwa, wazazi wanaanza kutazama saa. Wimbo wa mwisho ndio watakaoondoka nao. Leo tumtazame mwalimu wa Afrika Kusini ambaye sauti aliyoitungia kwaya ya shule tunaiimba sote tangu darasa la kwanza, ingawa jina lake ni wachache wanaolijua.

Enoch Sontonga alizaliwa Uitenhage, mnamo mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu, kiongozi wa kwaya, mhubiri mlei na mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Nyimbo za wanafunzi wake alizitunga mwenyewe na kuziandika kwenye daftari. Nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu aliyaona mateso ya watu wake pale mjini. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Ni sala ya kuiombea Afrika baraka. Muziki wake ni wa sauti nne, lakini melodi ni fupi na inajirudia: mtoto huishika upesi, na mzee aliyekaa nyuma ukumbini huweza kuitikia.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa bado kijana. Daftari lake liliazimwa na walimu wengine wa kwaya, na mwishowe likapotea. Wimbo haukupotea. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliueneza katika matamasha yake. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa Bloemfontein, uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti hiyo ilipewa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wetu wa taifa.

Familia yake haikutajirika. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo kwa peni sita tu. Hata kaburi lilitafutwa kwa miaka, kwa kuwa katika kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Mwaka 1996 Rais Mandela alilitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.

Ndugu zangu, sisi wanafalsafa hupenda kuuliza thamani ya kazi hupimwa kwa nini. Sontonga hakulitungia taifa. Aliwatungia watoto waliokuwa mbele yake, wimbo wanaouweza, wenye sala ndani yake. Kwa hiyo, mwalimu wa Utoto Mtakatifu unayepanga wimbo wa kufungia, usitafute kelele. Tafuta wimbo ambao watoto wataumudu na ukumbi mzima utasimama kuuitikia. Na kama hakuna atakayekumbuka nani aliwafundisha, usivunjike moyo. Mungu anakumbuka.