Makhan Singh: Mtu Aliyekataa Kuondoka

Wahenga walinena kuwa tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kupewa alama nzuri. Lakini wacha niseme ukweli, mpenzi msomaji: sikuielewa hadi mwaka jana.

Mwaka jana nilikuwa kiranja wa maktaba. Vitabu viwili vilipotea, nami nilimjua aliyevichukua. Nikaenda nikamwambia mwalimu. Vitabu vikapatikana, mwenzangu akaadhibiwa, mimi nikasimamishwa mbele ya paredi nikapigiwa makofi. Kila mtu alisema kuwa nimetimiza wajibu wangu. Kumbe moyoni nilijua jambo wasilolijua wao. Nilikuwa nimeonywa kwamba vitabu visipoonekana, nitavuliwa beji. Lau si hiyo beji, ningenyamaza jii! Makofi yale yaliniuma kuliko kiboko.

Nilimpelekea swali langu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili. Je, nilitenda wema au nilijiokoa tu? Hakunijibu moja kwa moja. Alinieleza habari za Mjerumani mmoja aliyeitwa Immanuel Kant, aliyeishi kati ya 1724 na 1804, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1785 alijiuliza swali kama langu. Kant alimtaja mwenye duka asiyempunja mtoto mdogo aliyetumwa dukani. Bei yake ni moja kwa wote. Tendo hilo ni sawa, hakuna ubishi. Lakini pengine mwenye duka hampunji mtoto kwa sababu anaogopa wateja wakisikia watamhama. Huyo amefanya kinachotakiwa na wajibu, ila si wajibu uliomsukuma. Kwa Kant, thamani ya tendo imo katika nia, na nia njema hufuata sababu ambayo mtu angekubali kila mwingine aifuate pia.

Kisha mwalimu akaniagiza: tafuta mtu wa hapa petu, aliyekwisha kufa zamani, umpime kwa mizani hiyo, halafu utuandikie katika jarida letu.

Sikwenda mbali. Mimi nakaa na nyanyangu mtaani Kaloleni, hatua chache kutoka Jogoo Road. Mtaa wetu ulijengwa miaka ya 1940, na katikati yake kuna ukumbi ambao wazee huuita Bunge, kwa sababu Waafrika walikutania humo kuzungumza siasa enzi za mkoloni. Mtu niliyemchagua alisimama katika ukumbi huo. Hakuwa mwenyeji wa Kaloleni, wala hakuwa Mwafrika kwa kuzaliwa. Alikuwa Singasinga mwenye kilemba na ndevu, jina lake Makhan Singh.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 huko Punjab, India. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia Kenya kufanya kazi ya useremala katika reli. Mwaka 1927 kijana akaletwa Nairobi akiwa na umri wa miaka 13. Alikuwa hodari wa hesabu na mtunzi wa mashairi kwa lugha yake. Baba aliacha reli akaanzisha kiwanda cha kupiga chapa, na Makhan Singh alipomaliza masomo akafanya kazi humo.

Hapa tutue kidogo. Mtu huyu alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda. Mishahara ikiwa midogo, faida inabaki nyumbani kwao. Kama angefuata tumbo lake, angekaa upande wa matajiri. Lakini mwaka 1935 alichukua ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na baada ya muda mfupi chama kile kikafungua milango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Wakati huo Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na mtaa wake, shule yake na hata choo chake. Mwaka 1937 chama kiliongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi. Waajiri wakasalimu amri, mishahara ikaongezwa na siku ya kazi ikawa ya saa nane.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India. Serikali ya Waingereza ikamkamata huko mwaka 1940, ikamzuilia hadi 1945 bila kumthibitishia kosa. Alirudi Kenya Agosti 1947. Serikali ya Nairobi nayo haikumtaka, ikaamuru afukuzwe nchini. Alikataa kuondoka, akapigania haki yake kortini na akabaki.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Kubai akawa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Ndipo ilipofika tarehe 23 Aprili 1950. Chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki viliitisha mkutano wa pamoja katika ukumbi wetu wa Kaloleni. Makhan Singh akasimama akataka mkutano udai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Si marekebisho, si viti vichache zaidi katika baraza, bali uhuru wenyewe. Wakati huo wengi walilinong'ona jambo hilo tu.

Haukupita mwezi. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Kubai. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukadumu siku tisa. Walidai viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh alipelekwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Angeweza kujitetea kwa ujanja, akasema alieleweka vibaya. Hakufanya hivyo. Alikiri wazi kuwa yeye ni mkomunisti, na kwamba Uingereza haina haki ya kuitawala Kenya. Akapelekwa Lokitaung, kule Turkana kwenye jua kali, baadaye Maralal, kisha Dol Dol.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Serikali ilikuwa radhi kumwachilia iwapo angekubali kuhama Kenya, arudi India. India ilikuwa imepata uhuru wake tangu 1947, na huko angeishi huru. Alikataa. Alikaa kizuizini miaka 11 na zaidi, hadi tarehe 22 Oktoba 1961.

Sasa nimtie katika mizani. Woga haukumsukuma, kwa sababu woga ungemwambia aondoke. Faida nayo? Wengine husema kuwa mwanasiasa huvumilia jela kama mtu anayeweka pesa benki, akingoja riba uhuru ukija. Basi tutazame uhuru ulipokuja mwaka 1963. Makhan Singh hakupewa uwaziri wala cheo chochote kikubwa. Alikaa Nairobi akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, kitabu kilichotoka mwaka 1969. Humo alijaza majina na kazi za wenzake, wengi wao watu wasiojulikana. Alifariki tarehe 18 Mei 1973. Ondoa woga, ondoa faida, na bado tendo limesimama. Kilichobaki ni sababu aliyoweza kuitamka mbele ya jaji bila kuficha neno: kwamba hakuna watu walioumbwa kutawaliwa na wengine.

Nilimsomea nyanyangu mpaka hapo nikidhani atanisifu. Aliuliza swali moja tu: na mke je? Ama kweli nilikuwa nimemsahau. Satwant Kaur aliachwa na watoto watatu kwa miaka hiyo yote 11. Hao nao walikuwa wajibu wake. Nyanya alisema kuwa mwanamume akienda vitani husifiwa, na anayebaki na sufuria tupu hatajwi. Nimejaribu kumjibu nimeshindwa. Naona kwamba wajibu mmoja unaweza kugongana na mwingine, na mtu akichagua mmoja, ule mwingine haufutiki. Makhan Singh alichagua, na sehemu ya deni ikalipwa na Satwant Kaur. Tukimsifu mume bila kumtaja mke, tumempunja kama yule mtoto aliyetumwa dukani.

Jambo la mwisho. Kant mwenyewe alikubali kuwa hakuna ajuaye hakika siri ya moyo, hata moyo wake mwenyewe. Kwa hiyo sisemi nimeuona moyo wa Makhan Singh. Nasema tu kwamba nimeuona wangu. Muhula huu nilimwendea yule mwenzangu nikamwambia kuwa kuripoti vitabu kulikuwa haki, lakini nilifanya hivyo kwa ajili ya beji, na kwamba rafiki wa kweli angemwendea yeye kwanza, amsihi avirudishe. Alinitazama kitambo, akauliza nitapata nini kwa kumwambia hayo sasa. Nikamjibu kuwa sipati kitu. Akaenda zake darasani. Hatujarudia urafiki wetu wa zamani.

Ukifika Kaloleni, msomaji, pita ukumbini utazame. Utaona jengo la kawaida tu. Halafu ujiulize swali nililojiuliza mimi: lile jema ulilofanya wiki iliyopita, ungelifanya kama hakuna aliyekuwa anatazama?