Nani alisikia maneno ya mwisho ya Lenana?

Wewe unayeshuka matatu Kitengela kila jioni, jina Lenana si geni kwako. Nairobi kuna barabara ya Lenana na kuna shule ya Lenana. Ukipanda Mlima Kenya, kilele ambacho wengi wetu tunaweza kufika bila kamba ni Point Lenana, mita 4,985. Lakini mwenyewe alikuwa nani?

Jina lake ni Olonana, Mmaasai. Wazungu ndio waliozoea kuandika Lenana. Baba yake, Mbatian, alikuwa laiboni mkuu. Sasa, laiboni si mfalme. Ni mtu wa tambiko, dawa na utabiri. Mambo ya malisho na vita yalikuwa na wazee na marika. Weka hilo akilini, tutalihitaji.

Mbatian alifariki karibu mwaka 1890. Inasimuliwa kwamba alipoona siku zake zimekwisha, alimwambia mwanawe mkubwa, Senteu, aje alfajiri achukue vifaa vya ulaiboni. Kumbe Olonana alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama, anasikia kila kitu. Akawahi. Baba akauliza ni nani, kijana akajibu kwa jina la kaka yake, akapewa. Senteu kufika, mambo yamekwisha.

Kaka na ndugu wakagawanya Wamaasai, vita vikaanza. Na vilikuja wakati mbaya kweli: sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe, ndui inamaliza watu. Olonana, akiwa amebanwa kila upande, akasogea karibu na Waingereza. Nao walimhitaji. Makao yake yakawa Ngong, ambako leo ni Kaunti ya Kajiado, na mwaka 1901 wakamtambua kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Cheo hicho Wamaasai hawakuwa nacho. Kilitengenezwa ili kuwe na mtu mmoja wa kuweka alama kwenye karatasi.

Na karatasi ikaja. Agosti 1904, yeye na wazee wengine walikubali Wamaasai watoke kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru kupisha walowezi. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo mawili yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani.

Hata miaka 7 haikuisha. Walowezi wakaitaka na Laikipia.

Hapa ndipo stori inakuwa nzito. Olonana alifariki Machi 1911. Maafisa wa serikali wakaripoti kwamba akiwa mahututi aliwaachia watu wake wosia: watii serikali, na wale wa Laikipia wahamie kusini. Yaani wosia wa marehemu ukawa sawasawa na kile serikali ilikuwa inakitaka! Mwezi uliofuata, Aprili 1911, mkataba wa pili ukapita. Mwanawe Seggi, bado kijana mdogo, akawa miongoni mwa walioweka alama.

Labda alisema kweli. Alikuwa amewategemea Waingereza kwa miaka mingi. Lakini angalia ni nani aliyebeba maneno hayo na ni nani aliyefaidi. Takriban watu 10,000 walihamishwa na mifugo yao, na njiani baridi na mvua viliua watu na wanyama. Ole Gilisho, kiongozi wa Laikipia, alienda na wenzake mahakamani. Mwaka 1913 kesi ikatupwa: mahakama ilisema huo ni mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hiyo haina mamlaka nao. Wamaasai wakawa taifa siku ile ile taifa halikuwasaidia kitu.

Ona basi maisha ya mtu huyu. Yalianza na neno la baba mgonjwa lililochukuliwa na asiyekusudiwa, yakaisha na neno lake mwenyewe, akiwa mgonjwa, likitangazwa na wengine.

Usidhani hayo yamepita. Hapa Kitengela na Kajiado, ambapo shamba la jana ni ploti leo, mzee akifa hakosekani mtu wa kusema aliachiwa neno kando ya kitanda, wakiwa wawili tu. Muulize: nani mwingine alisikia? Sheria ya Urithi ya Kenya inasema wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu auseme.

Kama babu yako yupo na bado anaongea, nenda wikendi hii. Ita ndugu wote, mwombe aseme anachotaka, na mtu aandike palepale mbele yake.