Booker T. Washington

Booker Taliaferro Washington (5 Aprili 1856 – 14 Novemba 1915) alikuwa mwalimu, mwandishi na kiongozi wa Wamarekani weusi. Anajulikana hasa kama mkuu wa kwanza wa chuo cha Tuskegee, Alabama, na kwa siasa yake ya upole ambayo hadi leo inabishaniwa.

Maisha

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia. Baada ya utumwa kukomeshwa, familia yake ilihamia West Virginia, ambako alifanya kazi kwenye viwanda vya chumvi na migodi ya makaa ya mawe akiwa bado mtoto. Mwaka 1872 alijiunga na shule ya Hampton, akilipia masomo kwa kazi ya usafi.

Mwaka 1881 alikabidhiwa shule mpya ya Tuskegee. Jimbo lilitoa dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya mishahara, lakini hapakuwa na ardhi wala jengo. Wanafunzi walifyatua matofali wenyewe. Tanuri tatu za kwanza ziliharibika, naye akaweka saa yake rehani kwa dola 15 ili kujaribu ya nne.

Siasa na matajiri

Tarehe 18 Septemba 1895 alihutubia mjini Atlanta. Aliwashauri Weusi watangulize ufundi, kilimo na biashara kabla ya kudai usawa wa kijamii, tena akawasifu kama wafanyakazi wasiogoma. Wenye viwanda wa kaskazini walipendezwa. Mwaka 1903 Andrew Carnegie alikipa chuo dola 600,000 kwa hati za dhamana za kampuni ya chuma ya U.S. Steel. Julius Rosenwald wa kampuni ya Sears aliingia katika bodi mwaka 1912, na mpango walioubuni pamoja ulijenga shule karibu 5,000 za watoto weusi vijijini hadi mwaka 1932. Wazazi maskini nao walichangia.

Upande wa kura mambo yalikuwa mabaya. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliwaondoa karibu Weusi wote katika orodha ya wapiga kura. Ombi la heshima ambalo Washington na wenzake walilipeleka kwa watunga katiba halikusaidia kitu. Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois alimshutumu katika kitabu chake: mtu asiye na kura hawezi kulinda hata mali aliyoichuma. Ni hoja ambayo Washington hakuwahi kuijibu vizuri hadharani.

Barua zake binafsi zilionyesha baadaye kwamba aligharimia kwa siri kesi ya Jackson Giles dhidi ya katiba hiyo, iliyoshindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1903. Kwa siri hiyohiyo aliwalipa watu wawapeleleze wapinzani wake weusi.

Alifariki Tuskegee, akiacha chuo chenye majengo zaidi ya 100 na wanafunzi wapatao 1,500.

Katika Afrika ya Mashariki

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizipendekezea serikali za kikoloni mfano wa Tuskegee. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa ajili ya walimu wa vijijini.