Maisha ya Ernesto Galarza, aliyesema kwa ajili ya wageni

Leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja wa Meksiko. Masomo yake aliyatumia kwa kusaidia wageni wenzake katika inchi isiyo yao.

Ernesto Galarza alizaliwa mwaka 1905 katika Jalcocotán, kijiji cha milimani. Vita ya mapinduzi iliyoanza 1910 iliwakimbiza, yeye na mama yake na wajomba wawili, mpaka wakafika Sacramento katika jimbo la California, Marekani. Wakakaa katika mtaa wa maskini. Kule kwa masomo alikuta watoto wa mataifa mengi. Yeye Kiingereza hakukijua, lakini alikishika upesi.

Ndipo kazi ikaanza, angali mtoto. Jirani aliyeitwa tribinali, ao aliyeumia kazini, ao aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali, alimwomba aende naye amsemee. Homa ya mafua iliua mama yake na mjomba mmoja. Akabaki na mjomba José, akisoma na kutumika.

Wakati wa likizo alitumika mashambani. Katika kambi moja watu walikunywa maji machafu ya mfereji. Watoto wakagonjwa, na mtoto mmoja mchanga akafa. Kwa sababu alijua Kiingereza, wafanyakazi walimtuma mjini kwa wakubwa wa serikali. Kule alishauriwa kwamba wafanyakazi wajiunge pamoja. Mkaguzi alikuja kweli, lakini Ernesto alifukuzwa kazi. Ile shauri hakuisahau.

Alisoma Occidental, kisha Stanford, na akapata udaktari wa Columbia. Tangu 1936 alikuwa na kazi nzuri Washington, katika Umoja wa Inchi za Amerika. Mwaka 1947 akaiacha, akarudi California kutumikia sendika ya wafanyakazi wa mashamba.

Hapo alikuta neno gumu. Tangu 1942 serikali mbili zilipatana kuleta wanaume wa Meksiko kwa mikataba ya muda mfupi. Mikataba ilipita 4.000.000. Matajiri waliwatumia kwa kushusha mshahara na kuvunja migomo. Mgomo wa Arvin, ulioanza 1947, ulishindwa mwaka 1950. Wengine wangechukia wale wageni. Galarza hakuwachukia. Aliingia kambini mwao, akawauliza kwa Kispania chakula gani wanapewa na franga ngapi zinakatwa, akalinganisha na karatasi ya mkataba. Kitabu chake cha 1956 kilionyesha yote wazi. Alipiga vita mkataba, si watu.

Tarehe 17 Septemba 1963, kule Chualar, treni iligonga kamio iliyogeuzwa basi. Wafanyakazi 32 walikufa. Galarza alichunguza ajali hiyo kwa ajili ya Bunge la Marekani. Mwaka 1964 mpango ule wa mikataba ulikomeshwa. Yeye aliendelea kuandika, hata vitabu vidogo vya watoto, mpaka alipokufa mwaka 1984 katika San José.

Sisi pia, wazazi na majirani wanatuletea karatasi za biro ili tuwasomee. Wakati mwingine tunasoma haraka haraka, tukiona ni kazi ya kutupotezea wakati. Galarza alianzia palepale, na mtu mmoja, na karatasi moja. Tuwasomee vizuri, na tusiwaache mlangoni.