Élie Metchnikoff: Mwanasayansi aliyetaka kujua kwa nini tunazeeka

Mtu akiona mvi za kwanza husema umri umefika. Lakini umri ni hesabu ya miaka tu. Ndani ya mwili, ni kitu gani hasa kinachobadilika? Leo tunamtazama Élie Metchnikoff, aliyehangaika na swali hilo hadi kifo chake.

Alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika eneo ambalo leo ni Ukraine na wakati huo lilikuwa chini ya Urusi. Ujana wake ulikuwa na majonzi. Mke wake wa kwanza, Ludmila, aliugua kifua kikuu na kufariki mwaka 1873. Metchnikoff alikata tamaa akajaribu kujiua, lakini akanusurika. Baadaye alimwoa Olga, akaendelea na kazi.

Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, aliwachoma kwa miiba midogo watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kesho yake aliona seli zimejikusanya kuuzunguka mwiba. Akatambua kwamba mwili una askari wake, ambao humeza vitu vigeni vinavyouvamia. Seli nyeupe za damu yetu hufanya kazi hiyo. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Wakati huo alikuwa Paris, katika Taasisi ya Pasteur, na akili yake ilikuwa imehamia kwenye uzee. Aliamini kwamba bakteria wa utumbo mpana hutoa sumu inayodhoofisha seli kidogo kidogo. Kisha askari wale wale wa mwili huzila seli zilizodhoofika, na hata rangi ya nywele, ndipo mvi hutokea. Aliposikia kwamba wanakijiji wa Bulgaria wanaokunywa maziwa mgando huishi miaka mingi, naye akayanywa kila siku. Watu wengi Ulaya wakamfuata.

Hata hivyo moyo wake ulichoka. Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1916, akiwa na miaka 71.

Je, alikosea? Chanzo alichokitaja hakitoshi kueleza uzee. Lakini wazo kwamba madhara madogo hujikusanya kwa miaka mingi limebaki, na sayansi ya leo inalieleza kwa undani zaidi.

Kila seli ina vinasaba, yaani maelekezo ya kazi zake. Maelekezo hayo huharibika mara maelfu kwa siku, mengine kwa sababu ya mabaki makali yanayotoka seli inapotengeneza nguvu kutokana na chakula, kama moshi unavyotoka jikoni. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo. Kinachobaki hujikusanya, kama paa la nyasi linalozibwa kila masika na bado lina matundu mapya. Seli nyingine zikiharibika sana huacha kugawanyika lakini hazifi. Hubaki zikitoa kemikali zinazowasha na kuumiza seli jirani. Ndiyo maana ngozi hulegea, mishipa hukakamaa na kidonda cha mzee huchelewa kupona.

Kwa hiyo, maziwa mgando ni chakula kizuri, tuendelee kuyanywa, lakini si dawa ya uzee. Anayekuja gulioni na chupa inayorudisha ujana anauza kitu ambacho hata mshindi wa Nobel hakukipata. Tunachoweza ni kutoongeza uharibifu: kuacha tumbaku, kuvaa kofia pana shambani jua linapokuwa kali, na kupima shinikizo la damu mapema. Uzee utakuja tu, ila si lazima tuuharakishe.