Ngoma ya Miti Iliyoanzia Kikuyu

Tarehe 22 Julai 1922, vijana wa Kikuyu walikusanyika Muguga, si mbali na Nairobi, kucheza ngoma ambayo baba zao hawakuwahi kuicheza. Haikuwa ngoma ya kupanda wala ya kuvuna. Ilikuwa ngoma ya miti. Aliyewaalika alikuwa afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, Mwingereza kwa jina Richard St. Barbe Baker.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na Southampton, Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche, hivyo mtoto alizoea kushika udongo tangu angali mdogo. Alipokuwa kijana alivuka bahari hadi Kanada, akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Huko aliona walowezi waking'oa miti na vichaka ili walime ngano, na upepo ukaupeperusha udongo uliobaki uchi. Somo hilo hakulisahau maishani.

Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajeruhiwa, kisha akasomea elimu ya misitu Cambridge. Mwaka 1920 aliletwa Kenya.

Hapa alikuta matata makubwa. Zamani mkulima alifyeka msitu, akalima misimu kadhaa, kisha akahama na kuiacha ardhi ipumzike hadi miti iote tena. Desturi hiyo ilifaa wakati nafasi ilikuwa tele. Walowezi walipotwaa mashamba makubwa, mwananchi hakuwa na mahali pa kuhamia, na msitu haukupata muda wa kurudi. Palipokosa miti, mvua ilipiga udongo mtupu. Maji hayakunywea ardhini kulisha chemchemi, bali yalitiririka na kuchukua rutuba ya shamba hadi mtoni.

Baker alitaka wananchi wenyewe wapande miti. Wazee walimjibu kwamba kuotesha miti ni kazi ya Mungu, kwa maana miti mikubwa huangusha mbegu na michipukizi ikaota bila ya msaada wa mtu. Alijaribu kuwaeleza kwamba miti hiyo mikubwa yenye kutoa mbegu ndiyo iliyokuwa ikimalizwa. Mwishowe aliona kwamba kila kazi kubwa ya Wakikuyu ilikuwa na ngoma yake. Je, mbona kusiwe na ngoma ya miti? Alishauriana na Chifu Josiah Njonjo, na mbiu ikapigwa.

Inasemekana vijana wapatao 3,000 walifika, na kati yao 50 wakachaguliwa kuwa wa kwanza. Waliahidi kulinda msitu wa asili, kupanda miti 10 kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Chama chao kiliitwa Watu wa Miti. Mwaka 1924 Baker aliendeleza jina hilo London, na chama kikaenea katika nchi nyingi.

Yeye mwenyewe hakudumu Kenya. Siku moja mkubwa mmoja aliinua mkono ampige Mwafrika, Baker akajitia kati na pigo likampata yeye. Kitendo hicho hakikuwapendeza wakubwa wa serikali. Baadaye alifanya kazi katika misitu ya Nigeria, kisha akazunguka dunia akiitetea miti: Palestina, California, na hata Sahara, ambako mwaka 1952 hadi 1953 aliongoza safari ya maili 9,000 kuchunguza jinsi jangwa linavyosonga mbele. Alishikilia kwamba hata jangwa lile laweza kurudishwa kwa miti.

Alifariki tarehe 9 Juni 1982 mjini Saskatoon, Kanada, akiwa na umri wa miaka 92. Siku chache kabla, katika Siku ya Mazingira Duniani, alikuwa amepanda mti wake wa mwisho.

Jina la Baker limeandikwa vitabuni, lakini vijana wale 50 wa Muguga hawatajwi sana. Hata hivyo, wao ndio waliokula kiapo na kushika jembe. Mwaka 1977 hayati Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, na huko pia walioifanya kazi ni akina mama wa vijijini.

Leo serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu hiyo ni kubwa, na ni njema. Lakini mche uliopandwa asubuhi na kuliwa na mbuzi jioni si mti. Vijana wa Muguga hawakuahidi kupanda tu, waliahidi na kutunza. Nusu hiyo ya pili ya kiapo ndiyo ngumu, nayo ndiyo inayotungoja sisi.